Mawakala wa Programu Katika Matengenezo ya Mitambo: Namna ya Kuwakutanisha Wataalamu Kwenye Hitilafu Moja

Hitilafu sugu kiwandani mara chache hukosa mtu anayeijua. Kinachokosekana ni wanaojua kukutana. Mtaalamu wa mtetemo ana mkononi spektra, yaani mchoro wa nguvu ya mtetemo kwa kila masafa (mitikisiko kwa sekunde), lakini hana habari kwamba wiki iliyopita mpangilio wa invata, kifaa kinachobadilisha mwendo wa mota, ulibadilishwa. Fundi umeme anaijua invata vizuri, lakini hajaiona beringi iliyotolewa. Opereta aliyesikia mota ikibadilika sauti ameshamaliza shifti, na ujumbe wake kwenye kundi la WhatsApp umefunikwa na salamu na picha za harusi. Beringi inabadilishwa, baada ya miezi michache inakufa tena, na kila idara inaamini kosa ni la jirani.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kutumia mawakala wa programu kuziba pengo hilo. Kazi yao ni kulifikisha swali sahihi, likiwa na ushahidi wake, kwa mtu sahihi na mapema, kisha kuyatunza majibu pamoja na sababu zake. Uamuzi unabaki kwa watu. Mfano tutakaoufuata ni mota ya pampu: kW 55, poli 4, umeme wa 50 Hz, inaendeshwa kwa invata, na ina beringi 6314 pande zote mbili.

Wakala ni nini hasa

Wakala wa programu ni programu yenye jukumu lake, taarifa zake na uwezo wa kuanza kazi bila kusubiri mtu abonyeze kitufe. Anawasiliana na mawakala wenzake kwa ujumbe. Wazo hili lina umri. Mwaka 1980 Reid G. Smith alichapisha utaratibu wa zabuni uitwao Contract Net: mwenye kazi anatangaza, wenye uwezo wanaomba, mmoja anapewa. Taasisi ya FIPA, iliyoanzishwa 1996, ikaweka kanuni za lugha ya ujumbe kati ya mawakala. Katika Chuo Kikuu cha Strathclyde, Scotland, mfumo wa COMMAS ulitumia mawakala kutambua kasoro ndani ya transfoma: kila mmoja alichambua ishara zilezile kwa njia yake, kisha mwingine akayalinganisha majibu. Hilo la mwisho ndilo la kushika. Nguvu ya mfumo wa namna hii ipo kwenye kulinganisha maoni yaliyopatikana kwa njia tofauti, na hapo ndipo vifurushi vingi vinavyouzwa kwa jina la akili mnemba hukosa kitu.

Hatua ya 1: Chagua mashine moja na swali moja

Usianze na kiwanda kizima. Tafuta mashine yenye sifa tatu: imeharibika zaidi ya mara moja kwa namna inayofanana, inahitaji ujuzi wa fani zaidi ya moja, na ikisimama inaumiza uzalishaji. Mota yetu inafaa kwa sababu hitilafu ya beringi kwenye mota yenye invata ni ya fundi mitambo, ya fundi umeme na ya mtu wa ulainishaji kwa wakati mmoja.

Kisha andika swali ambalo mfumo utalihudumia, kwa sentensi moja inayojibika. "Hali ya mota ikoje?" halijibiki. "Je, beringi ya upande wa nyuma imeanza kuharibika, na kama ndiyo, inaweza kungoja hadi usimamishaji wa Jumamosi?" linajibika, na jibu lake linampeleka mtu stoo au linamwacha aendelee na kazi nyingine.

Hatua ya 2: Majina ya mashine na majina ya hitilafu

Hapa ndipo miradi mingi huzama kabla mtu hajaandika mstari mmoja wa programu. Mota ileile inaitwa P204 kwenye mchoro, "pampu ya pili" kwenye daftari la opereta, na namba nyingine kabisa kwenye mfumo wa oda za kazi. Wakala hawezi kuunganisha ushahidi usio na jina moja. Tengeneza orodha yenye namba moja ya kudumu kwa kila sehemu, kisha weka pembeni majina yote ya utani yanayotumika. Shuka hadi kwenye beringi: `P204-MOTA-MBELE` na `P204-MOTA-NYUMA`. Mbele ni upande wa kapilingi (kiunganishi cha mota na pampu), na hilo liandikwe ukutani karakana ili lisibishaniwe.

Kwa kila beringi andika kampuni iliyoitengeneza, si namba ya 6314 pekee. Kampuni mbili zinaweza kutengeneza 6314 zenye vipimo vilevile vya nje (kipenyo cha ndani mm 70, cha nje mm 150, upana mm 35) huku gololi zikitofautiana kwa ukubwa kidogo. Tofauti hiyo inahamisha masafa ya hitilafu yanayotafutwa kwenye spektra. Kanuni ya haraka, kwamba masafa ya ringi ya nje ni 0.4 × idadi ya gololi × mizunguko kwa sekunde, na ya ringi ya ndani ni 0.6, inamfaa fundi aliyesimama kwenye mashine. Wakala apewe namba za mtengenezaji.

Kwa majina ya uharibifu tumia makundi ya ISO 15243, kiwango kinachohusu kasoro za beringi: uchovu wa chuma, uchakavu, kutu, mmomonyoko wa umeme, kubonyea, na kupasuka au kuvunjika. Sita yanatosha. Ukiwapa mafundi orodha ya sababu arobaini, watachagua "nyinginezo" kila mara.

Usisahau maneno ya masikioni. Opereta hasemi "mmomonyoko wa umeme". Anasema mota inavuma, inalia, inagonga, inakwaruza, inachemka. Kaa na maopereta wa shifti zote, usikilize wanavyoyatumia maneno hayo, uyaandike pamoja na maana wanazokubaliana. Mara nyingi utakuta "inagonga" ya shifti moja ni "inakwaruza" ya nyingine.

Hatua ya 3: Wagawie mawakala majukumu

Sita wanatosha kwa kuanzia.

*Wakala wa mashine* anashika hali ya mota: vipimo, mipaka, historia. Kila mashine ina wake.

*Wakala wa vipimo* anapokea mawimbi ghafi ya sensa na kuyageuza kuwa spektra.

*Wakala wa kumbukumbu* anatafuta kesi za zamani zinazofanana.

*Wakala wa stoo* anajua vipuri vilivyopo na muda wa kuagiza visivyokuwepo.

*Wakala wa mtaalamu* anamwakilisha mtu mmoja. Ndiye anayehitaji uangalifu kuliko wote, na tutarudi kwake.

*Mratibu wa kesi* anafungua kesi, anaita wataalamu, anakusanya majibu na kuhakikisha kesi inafungwa.

Watano kati yao wanaweza kuwa programu za kawaida kabisa zenye kanuni za "ikiwa hivi, fanya vile". Lugha ya Python, kanzidata ya PostgreSQL na seva ya ujumbe ya Mosquitto inayotumia MQTT (itifaki nyepesi ya kutumiana ujumbe kati ya vifaa) vinatosha kwa mashine chache. Ukitaka jukwaa lililojengwa tayari kwa mawakala, JADE hutumia Java na SPADE hutumia Python. Ujumbe ulindwe kwa kupitishia bandari ya mtandao ya 8883 yenye usimbaji. 1883 iache kwa majaribio ya mezani.

Ukubwa wa data uukadirie mapema. Kuona mtetemo hadi 10 kHz, sensa isome mara 25,600 kwa sekunde. Kipimo cha sekunde 8 ni namba 204,800, yaani karibu MB 0.8 zikihifadhiwa kwa baiti 4 kila moja. Sehemu nne za kupimia, kila baada ya saa 4, ni takriban MB 20 kwa siku. Hiyo inabebeka. Anayetaka kipimo kila dakika ataijaza diski bila kujua chochote cha ziada, kwa sababu beringi haiharibiki kwa dakika. Kanuni ya kupima ni kuweka muda kati ya vipimo usiozidi nusu ya muda unaopita tangu kasoro ionekane hadi mashine ishindwe kazi.

Hatua ya 4: Mpe wakala macho mawili

Watu wengi huweka kengele moja tu, ya mtetemo kwa mm/s. Kwa mota kama yetu iliyofungwa kwenye msingi imara, ISO 10816-3, ambayo mwaka 2022 nafasi yake ilichukuliwa na ISO 20816-3, iliweka mipaka ya 1.4, 2.8 na 4.5 mm/s: chini ya 1.4 ni hali ya mashine mpya, juu ya 2.8 haifai kuachwa ikiendelea muda mrefu, na juu ya 4.5 kuna hatari ya kuharibika. Mipaka hii ni mizuri kwa balansi mbovu, alaimenti iliyopotoka na boliti zilizolegea. Kwa beringi inayoanza kuumwa haisaidii sana. Kasoro changa hugonga kwa masafa ya juu, na mgongano huo mdogo haupandishi kipimo cha mm/s hadi mambo yawe yameharibika. Kwa hiyo jicho la pili liangalie mchapuko wa masafa ya juu na uchambuzi wa envelopu, unaotafuta migongano inayojirudia ndani ya masafa hayo. Wakala wa mashine afungue kesi pale jicho lolote kati ya hayo mawili linapoona mabadiliko kwenye vipimo vitatu mfululizo. Kipimo kimoja kinaweza kuwa fundi aliyegonga bomba jirani.

Hatua ya 5: Saa na mwendo

Sehemu hii huonekana ndogo, nayo ndiyo huzalisha majibu ya uongo yenye sura ya ukweli.

Invata hubadilisha mwendo. Kwa 50 Hz mota yetu inazunguka mizunguko 1,480 kwa dakika, sawa na 24.67 kwa sekunde. Invata ikishuka hadi 43 Hz, mwendo unakuwa karibu 1,275, yaani 21.25 kwa sekunde. Kwa gololi 8, kanuni ya haraka inaweka masafa ya ringi ya nje kwenye 79 Hz katika hali ya kwanza na 68 Hz katika ya pili. Sasa chukulia saa za kompyuta ya mtetemo na za invata zinapishana dakika tatu, na katikati mwendo ulibadilika. Wakala atatafuta kilele kwenye 79, hatakiona, atatangaza beringi nzima. Hesabu zake zote ni sahihi, jibu ni baya. Lazimisha vifaa vyote vichukue saa kutoka seva moja ya NTP (itifaki ya kusawazisha saa kwenye mtandao), na mwendo usomwe mwanzoni na mwishoni mwa kila kipimo. Ukitofautiana zaidi ya asilimia 1, kipimo kitupwe.

Urefu wa kipimo nao una sababu. Katika 43 Hz, mara nne ya mwendo ni 85 Hz na mara mbili ya masafa ya umeme ni 86 Hz. Kipimo cha sekunde moja kitavichanganya viwe kilele kimoja, na fundi mitambo na fundi umeme watabishana juu ya kitu ambacho hakuna kati yao aliyekiona. Sekunde 8 zinavitenganisha waziwazi.

Kuna na saa ya Kiswahili. Opereta akiandika "ilianza kuvuma saa mbili", anamaanisha 08:00 au 20:00, na akijaza fomu ya kompyuta huenda akaandika 2:00. Wakala anayepokea ujumbe wa opereta aulize kila mara asubuhi au usiku, ageuze, kisha amrudishie mtu athibitishe. Kesi nyingi hutegemea ni nini kilitangulia kingine, na saa sita za makosa hugeuza sababu kuwa matokeo.

Hatua ya 6: Wasifu wa mtaalamu

Wakala wa mtaalamu anahitaji mambo manne: fani, saa za kupatikana, ushahidi ambao mtaalamu huyo huuhitaji kabla ya kujibu, na kikomo cha maswali. Jambo la tatu ndilo lenye faida kubwa kuliko yote na ndilo husahauliwa. Kila mtaalamu mzuri ana maswali yake ya kwanza. Wa mtetemo atauliza mwendo na mzigo. Wa umeme atauliza urefu wa kebo kutoka invata hadi mota, aina ya kebo, masafa ya swichi ya invata (mara ngapi kwa sekunde inakata na kuunga umeme) na jinsi mota ilivyounganishwa na ardhi. Wa ulainishaji atauliza grisi gani, gramu ngapi, lini. Yaandike hayo kama orodha. Wakala ayakusanye kabla simu ya mtaalamu haijalia, ili mtu huyo akifungua ujumbe akute kila kitu mezani.

Mfano wa hesabu ambayo wakala anaweza kumwandalia wa ulainishaji: gramu za grisi za kuongeza ni 0.005 × kipenyo cha nje × upana. Kwa 6314 ni 0.005 × 150 × 35, yaani gramu 26. Kumbukumbu zikionyesha fundi alipiga pampu ya grisi mara arobaini, na pampu hiyo hutoa gramu 1.2 kwa pigo, beringi ilijazwa gramu 48, karibu mara mbili. Joto litapanda bila kasoro yoyote ya chuma. Pima pampu ya grisi ya karakana yako kwenye mizani, zinatofautiana.

Kikomo cha maswali kianze na matano kwa shifti. Mtaalamu akisumbuliwa mara ishirini kwa siku ataacha kufungua ujumbe, na siku ya swali la kweli hatakuwepo. Kwa maopereta kuna kipimo kinachojulikana: mwongozo wa EEMUA 191, unaohusu mifumo ya kengele, unaona wastani usiozidi kengele moja kwa kila dakika kumi kuwa unaokubalika. Mtaalamu anayesimamia mitambo mingi apate chache kuliko hizo.

Hatua ya 7: Zabuni ya kesi

Mratibu anapofungua kesi, anatuma wito wa namna hii:

```
aina: wito
kesi: K-0117
mashine: P204-MOTA-NYUMA
swali: Beringi imeanza kuharibika? Inaweza kungoja Jumamosi?
ujuzi: mtetemo, umeme-invata, ulainishaji
ushahidi: spektra-2291, mwendo-2291, grisi-0840
jibu_kabla: 14:20 +03:00
```

Mawakala wa wataalamu wenye ujuzi husika wanajibu kwa pendekezo au kukataa, kila mmoja akisema mtu wake atapatikana lini. Mratibu anachagua mmoja kwa kila fani. Asipopatikana mtu ndani ya dakika 20, wito unapanda kwa msimamizi wa zamu kwa simu ya kawaida. Weka njia hiyo ya simu hata kama mtandao wako ni mzuri.

Makosa matatu ya kiufundi hujitokeza hapa. Ujumbe wa MQTT wa kiwango cha QoS 1 (unaorudiwa hadi upokelewe) unaweza kufika mara mbili, kwa hiyo kila ujumbe uwe na namba yake na wakala apuuze namba aliyokwisha kuiona. La sivyo kesi moja inazaa mbili. Ujumbe uliohifadhiwa kwenye seva humfikia wakala anayewashwa upya ukionekana wa sasa kumbe ni wa jana, kwa hiyo saa ya kipimo iwe ndani ya ujumbe wenyewe. Tatu, mawakala wawili wanaoulizana wanaweza kuzunguka bila mwisho. Weka kikomo cha hatua nane kwa kesi, kisha mtu aitwe.

Umeme ukikatika, wakala aliyekufa asiachwe akidhaniwa yupo. MQTT ina ujumbe wa wosia, unaotangazwa na seva pale mteja anapopotea ghafla. Utumie, na seva yenyewe iwe kwenye UPS.

Hatua ya 8: Maoni ya siri kwanza, mabishano baadaye

Kwenye kikao cha kawaida injinia mkuu akisema "ni grisi", fundi kijana aliyeona kitu kingine ananyamaza. Ni adabu, na inagharimu mota. Mratibu awaombe wote watatu majibu kabla mmoja hajaona ya mwenzake. Kila jibu liwe na sehemu nne: ninachodhani, nina uhakika kiasi gani (mdogo, wa kati, mkubwa), ushahidi gani unanielekeza huko, na ni kipimo gani kingenifanya nibadili mawazo. Sehemu ya nne iwe ya lazima. Fomu isikubali kutumwa bila hiyo.

Tuichukue K-0117. Wa mtetemo anaona masafa ya ringi ya nje na vizidishi vyake vingi, pamoja na kilima cha nishati kwenye 2 hadi 3 kHz chenye vilele vilivyopangana kwa umbali wa masafa yaleyale. Anasema ringi ya nje imeharibika, uhakika mkubwa, sababu hajui. Wa ulainishaji anaona gramu 48 na kusema grisi imezidi, uhakika wa kati. Wa umeme anaona kwenye kumbukumbu kwamba masafa ya swichi ya invata yalipandishwa kutoka 4 kHz hadi 8 kHz ili kupunguza mluzi wa mota. Anasema umeme unapita kwenye beringi, uhakika wa kati, na kipimo anachotaka ni volti ya shafti kwa oskiloskopu, kifaa kinachochora volti inavyobadilika.

Mratibu asipige kura wala asitafute wastani. Mbili kwa moja haisemi chochote kuhusu chuma. Kazi yake ni kuvipanga vipimo vilivyotajwa kwenye sehemu ya nne na kuchagua kile cha gharama ndogo kinachotenganisha maoni. Hapa ni volti ya shafti. Inapimwa mota ikizunguka, na fundi umeme mwenye ruhusa, kwa brashi ndogo inayogusa shafti. Maltimita ya kawaida haitoshi, kwani miruko ni mifupi mno kwake na itaonyesha namba ndogo ya kutuliza moyo. Oskiloskopu ikionyesha volti ikipanda kisha kuanguka ghafla, tena na tena, umeme unaruka kupitia utando wa grisi.

Hapo wataalamu wote watatu wanaonyeshwa majibu ya wenzao pamoja na kipimo kipya, na wanaulizwa mara ya pili. Wanaobaki na maoni tofauti waandikwe hivyo hivyo.

Hatua ya 9: Kesi haifungwi kabla beringi haijakatwa

Jumamosi beringi inatolewa. Usiruhusu itupwe. Ikatwe, ioshwe, ipigwe picha ringi ya nje na ya ndani, na kundi la ISO 15243 lichaguliwe. Mmomonyoko wa umeme ulioendelea huacha mistari sambamba kwenye njia ya gololi kama ubao wa kufulia. Picha hiyo na namba ya kesi vinaingia kwa wakala wa kumbukumbu. Kuanzia hapo spektra 2291 ina jibu la kweli, na kesi ijayo yenye sura hiyo itapata mfano uliothibitishwa kwa macho.

Weka kanuni ngumu: oda ya kazi ya kubadilisha beringi haifungwi bila picha na kundi. Mafundi watalalamika wiki mbili za mwanzo. Bila hatua hii, hata hivyo, mfumo wako utakuwa ukijifunza kutokana na dhana za watu, na dhana zilizorudiwa mara nyingi zitaanza kuonekana kama ushahidi.

Dawa nayo iandikwe kando ya sababu: beringi ya nyuma yenye kinga ya umeme, ringi ya kupeleka umeme wa shafti ardhini upande wa kapilingi, kebo yenye kinga iliyoungwa ardhini vizuri ncha zote mbili, na masafa ya swichi kurudishwa 4 kHz. Beringi mpya peke yake ingekufa vilevile.

Akili mnemba ya lugha inaingia wapi

Inaingia kwenye kazi mbili. Ya kwanza ni kugeuza ujumbe wa sauti wa opereta, wenye Kiswahili, maneno ya karakana na Kiingereza kwa pamoja, kuwa taarifa yenye namba ya mashine, saa na dalili. Ya pili ni kumwandalia mtaalamu muhtasari wa kesi za zamani. Kwa zote mbili, kila sentensi ibebe namba ya kumbukumbu ilikotoka, na programu ya kawaida ikague kwamba namba hiyo ipo kweli. Sentensi isiyo na namba ifutwe kabla haijamfikia mtu.

Usiiruhusu itoe namba za kukaza boliti, nafasi za beringi, gramu za grisi au mipaka ya kengele. Hizo zitoke kwenye majedwali ya mtengenezaji kupitia kanzidata. Mfumo wa lugha unaweza kuandika namba ya kukaza boliti inayoonekana sahihi kabisa, kwa lugha fasaha, na boliti ikakatika.

Mipaka ya usalama

Mawakala wasome tu. Kwenye OPC UA, itifaki ya kubadilishana data za mitambo, wape mtumiaji asiye na ruhusa ya kuandika, na kati ya mtandao wa mitambo na wa ofisi pawe na eneo la katikati ambalo data hupita kuelekea nje peke yake. Kila wakala awe na cheti chake na mada zake za ujumbe. Hakuna wakala anayezima mashine, anayewasha mashine, wala anayetoa kibali cha kazi. Kufuli na lebo hufungwa na mtu anayeingiza mkono wake kwenye mashine, na ujumbe wa wakala kwamba "mota imezimwa" hauchukui nafasi ya kupima kwa kifaa kwamba umeme haupo.

Kuuzindua na kuupima

Miezi mitatu ya kwanza mfumo ukimbie kimya pembeni. Wataalamu waendelee kupigiana simu kama kawaida, mawakala wafungue kesi zao, kisha kila Ijumaa yalinganishwe. Tazama vipimo vinne: muda kutoka dalili hadi maoni ya kwanza, sehemu ya kesi zilizofungwa zikiwa na picha, kesi zilizofunguliwa bila sababu, na maswali kwa kila mtaalamu. Idadi ya hitilafu "zilizozuiwa" usiiweke kwenye ripoti ya mwanzo, maana kwa mashine moja haina uzito wowote.

Watu wakiendelea kupiga simu nje ya mfumo, usiwagombeze. Wakala ashindwapo kuwa mwepesi kuliko simu, tatizo ni la wakala. Ruhusu aliyepiga simu atume ujumbe mmoja wa sauti baadaye, "tumekubaliana hivi kwa sababu hii", na mratibu auingize kwenye kesi.

Mtaalamu akistaafu au akihama, wasifu wake usifutwe. Usimamishwe kupokea maswali, lakini orodha ya ushahidi aliokuwa akiutaka ipewe anayemrithi, pamoja na kesi zake zote zenye sehemu ya nne iliyojazwa. Mashine ya pili iingizwe pale ambapo kesi kumi mfululizo za ile ya kwanza zimefungwa na picha zao. Zikifungwa tisa, ngojeni ya kumi.